Kidole cha Clovis

Walipokuwa wakishuka garini mbele ya ghala, Thurman Beauchamp alimshika Clovis Ratliff bega, akamnong'oneza, "Kama kawaida, eh? Usinitupe leo, kaka."

"Nimewahi kukutupa?" akajibu Clovis.

Hakuwahi. Kwa miaka arobaini na mitano kidole chake cha shahada kiligonga bilauri, na Thurman akasema. Pigo moja, pipa la kwanza. Mawili, la pili. Matatu, la tatu. Walianza mchezo huo wakiwa vijana wawili wa kuviringisha mapipa ya bourbon, wiski ya mahindi, katika kiwanda kimoja nje ya mji wa Bardstown, Kentucky. Clovis alikuwa na pua, Thurman alikuwa na mdomo. Mabosi waliposhuka kuchagua mapipa, pua iligonga, mdomo ukahubiri, na vijana wote wawili wakasifiwa.

Kisha akatafutwa mwonjaji mkuu. Akapewa Thurman. Clovis akatolewa ndani, akapelekwa uani kukaza pete za chuma za mapipa.

"Walitaka mtu mwenye cheti," Thurman alimwambia siku ile, macho yamelowa. "Nimekupigania mpaka nikakauka koo."

Clovis alimwamini. Miaka minne alisoma shule ya jioni, mikono imechubuka kiasi kwamba kalamu ilimuuma. Cheti alikipata, akakipeleka ofisini kwenye bahasha safi. Hakuna aliyemwita. Na miaka yote hiyo Thurman alikuja barazani kwake na vichupa vya wiski ndani ya kopo la chakula, Clovis akanusa, akamwambia pipa lipi ni lipi, kwa sababu rafiki ni rafiki.

Mwezi Machi mwaka huu walikuwa katika uwanja wa kanisa wakipika burgoo, ule mchuzi mzito wa nyama tatu na mahindi. Burl Skaggs, aliyekuwa karani wa ofisi enzi zile, akamuuliza kwa wema kabisa, "Clovis, mikono yako iliacha lini kutetemeka?"

"Mikono gani?"

"Si ulikuwa unakunywa sana? Thurman ndiye aliyetuambia. Alisema ukishika bilauri, vidole vinagongagonga kwa ulevi, tusikuweke chumba cha kuonjea. Tulikuhurumia, bwana."

Clovis aliendelea kukoroga ili chini pasiungue. Jioni ileile akatoa wazo: mwisho wa wiki mmoja, marafiki watatu, wazunguke viwanda vya wiski kabla uzee haujawafungia nyumbani. Thurman alikuwa anatimiza miaka sabini, na kiwanda chenye ghala hili la leo kilikuwa kimemwahidi heshima: pipa atakalolichagua litajazwa chupani kwa jina lake.

Ijumaa yote Clovis aligonga kwa uaminifu. Viwanda viwili, mapipa sita, na Thurman hakukosea hata mara moja. Burl, ambaye ndiye aliyekuwa dereva na hivyo alionja na kutema, alibaki akitikisa kichwa. "Huyu mtu ana pua ya mbwa wa kuwindia!"

"Ni kipaji," alisema Thurman. "Hakisomewi shuleni."

Clovis alilimeza neno hilo, akaliweka karibu na yale mengine.

Sasa waliingia ghalani. Mkuu wa ghala, mwanamke kijana aitwaye Raelynn Hatcher, alikuwa amelaza mapipa matatu, na watalii kama ishirini wamesimama nyuma ya kamba, simu zimeinuliwa.

"Mzee Beauchamp, desturi yetu unaijua," alisema Raelynn. "Katika haya matatu, moja ni gonjwa, mbao zake zimeoza ndani. Unaonja, unachagua, unaweka sahihi kwenye uso wa pipa. Sahihi kwanza, maelezo baadaye, mtu asije akachagua kwa kusikia umri."

"Binti, nilikuwa nachagua mapipa kabla mama yako hajaolewa."

Watalii wakacheka. Raelynn akang'oa vizibo, akazamisha mrija mrefu wa shaba, akawamiminia wote watatu.

Clovis alionja la kwanza. Zuri, ila changa. La pili lilimpokea kwa utamu wa karameli, likateremka vizuri, ndipo nyuma ya koo ikapanda harufu ya gazeti lililolowa na kusahaulika chini ya ngazi. La tatu lilikuwa tulivu na refu, na katika maisha yake alikuwa ameonja matano tu ya namna ile. Aliliweka ulimini muda kidogo zaidi ya ilivyohitajika.

Akainua macho. Thurman alikuwa akikitazama kidole cha Clovis.

Clovis akagonga mara mbili, polepole.

"Hili la pili!" Thurman akapaza sauti. "Mnasikia karameli hiyo? Hili limelala juu, kwenye joto, likapikwa na kiangazi kimoja baada ya kingine. Huu ni muziki, mabwana!"

Burl alitema, akakunja uso, akadhani kosa ni la nyama ya nguruwe aliyokula asubuhi.

"Una uhakika, mzee?" Raelynn aliuliza taratibu. "Unaweza kurudia."

Thurman alikitazama kidole tena. Kidole kikagonga: moja, mbili.

"Lete kalamu."

Aliandika jina lake lote, kwa herufi nene za wino usiofutika. Watu wakapiga makofi. Raelynn hakupiga.

"Samahani sana, mzee. Hilo ndilo gonjwa."

Makofi yakafa. Mtalii mmoja akacheka, mwenzake akamfinya. Thurman akageuka, uso umemwiva kama kamba aliyechemshwa, akamnyooshea Clovis mkono.

"Umegonga mara mbili! Nimekuona! Umegonga mara mbili!"

Ghala lote lilimsikia. Burl aliishusha bilauri yake. Akamtazama Thurman, akakitazama kidole cha Clovis, akamrudia Thurman.

"Kumbe ndiyo ile mitetemeko uliyotuambia?" aliuliza.

Thurman akaushusha mkono aliokuwa amemnyooshea Clovis. 

"Mkono wangu unatetemeka kwa pombe, kaka," alisema Clovis. "Wewe si ndiye shahidi?"

Raelynn alikuwa amemkazia macho. "Na wewe, mzee, ungechagua lipi?"

"La tatu. Limelala chini, upande wa kaskazini. Miaka kumi na miwili, au karibu na hapo."

Raelynn akaangalia karatasi yake. "Kumi na miwili na miezi miwili," akasema, akamnyooshea kalamu.

Kisha akachukua msasa ili akwangue jina kwenye pipa la pili, maana pipa gonjwa halijazwi chupani. Hukaa pale mlangoni, wageni wote wafunguliwe kizibo na wafundishwe harufu ya uozo.

Clovis akamshika mkono, bila ukali.

"Hilo jina liache, binti," akasema. "Limekaa mahali pake."

Akageukia pipa la tatu, akaandika lake. Mkono haukutetemeka.