Goti la Nani

Mjukuu wangu Ukasha aliponiambia anataka kuliinua gari, nilidhani anazungumzia jeki. Akanicheka. Akasema si kuinua kwa jeki, ni kuliinua moja kwa moja, libaki refu, tumbo lisiguse chini. Kwenye simu alikuwa na picha ya gari la rangi ya mchanga, limesimama juu ya magurudumu makubwa kama twiga. Alinionyesha mara tatu siku ile.

Sikumbishia, maana sababu yake niliijua. Kati ya kitongoji chetu, huku Handeni, na lami ya kwenda Segera, kuna korongo. Kiangazi ni mchanga mtupu. Masika maji hupita siku mbili tatu, yanapungua, yanarudi. Na pale pa kuvukia kuna jiwe lililolala kukingama njia kama gogo. Vijana walilipiga nyundo wiki nzima mwaka juzi, likatoa vumbi tu, kwa kuwa ni mwamba uliotokeza kutoka chini. Kingo za huku na huku ni wima, hakuna pengine pa kushusha gari. Kiangazi tunapanga magogo mbele na nyuma ya jiwe ndipo gari lipite, na masika maji huyazoa.

Mwaka jana, mwezi wa nne, Hafsa, mke wa Ukasha, alishikwa na uchungu mimba ikiwa ya miezi minane. Tulimpakia asubuhi kwenye Landikruza yao ya zamani, mimi nikiwa nimempakata kichwa. Magurudumu ya mbele yalipanda jiwe yakashuka upande wa pili, kisha tumbo la gari likakaa pale juu kama kuku anayeatamia. Ukasha alikanyaga mafuta, magurudumu yakazunguka bure. Wanaume wanne walimbeba Hafsa kwa kitanda hadi barabarani, lori likatuchukua mpaka Segera. Wanawake wanaouza machungwa pale waliacha meza zao wakamzungushia khanga, na mmoja wao, ambaye mpaka leo silijui jina lake, alipanda nasi lile lori hadi Korogwe akiwa amemshika mkono. Tulipofika alirudi zake, hakuomba hata maji ya kunywa. Mtoto alikuwa wa kiume. Tulimzika siku hiyo hiyo.

Sasa Hafsa alikuwa na mimba nyingine, imeingia mwezi wa sita, na masika yalikuwa njiani. Nilishakubaliana naye kwamba mwezi wa mwisho atakwenda kukaa kwa mdogo wangu Korogwe. Lakini yule wa kwanza hakungoja mwezi wa mwisho, na Ukasha hakutaka kukaa na kuangalia huyu naye atafanyaje. Aliniambia kwamba kabla mvua haijaanza, gari litapita juu ya lile jiwe bila kuligusa, na kama halitapita atalitembeza kwa mabega yake. Shemeji yangu Mdoe, ambaye hawezi kuona jambo akanyamaza, aliitazama ile picha akauliza kama abiria watapewa na kamba ya kukwelea minazi.

Fundi aliitwa Erasto, Mshambaa mwenye gereji pale Korogwe, mrefu mpaka huinama kuingia kwenye banda lake mwenyewe. Ukasha alikuwa ameshampa maelezo yote kwa simu. Siku ya kupeleka gari nilikwenda nao, kwa sababu Hafsa alikuwa na kliniki. Erasto aliniamkia, kisha akavua koti lake la kazi, akaligeuza upande usio na grisi, akalitandika kwenye benchi ndipo akanikaribisha niketi.

Mpango alikuwa ameuchora kwenye kipande cha boksi. Gari lingeinuliwa inchi sita. Springi mpya, shokapu ndefu, mipira ya breki ibadilishwe iwe mirefu isije ikakatika, na vyuma vya kuinamisha ekseli ili propela, ule mtaimbo unaozungusha magurudumu, isikae vibaya. Alieleza polepole, akinitazama na mimi, si Ukasha peke yake. Alilala chini ya gari na tochi akatuonyesha kovu la mwaka jana, refu kama mkono, chini ya gia boksi. Akasema difu, lile bonge la katikati ya ekseli, hupanda jiwe pamoja na magurudumu na kushuka nayo, haina tatizo. Tumbo la katikati ndilo hubaki nyuma, na tumbo huinuliwa na springi.

Uani palikuwa na gari la mteja mwingine ambalo alikwisha kuliinua inchi sita hizo hizo. Ukasha alilizunguka anatabasamu, akamwambia Hafsa apande aone. Hafsa aliinua mguu, haukufika. Akajaribu kutanguliza goti, likateleza. Erasto alikimbia kuleta kreti ya soda, akaishika isiyumbe. Hata juu ya kreti Hafsa alilazimika kujivuta kwa mikono miwili, na katikati ya kujivuta akaacha, akashuka taratibu.

"Mke mwenzangu," akaniambia, "mume wetu anataka nizalie hapa chini nikingojea ngazi."

Tulicheka sote. Lakini mkono wake mmoja ulikuwa umeshika chini ya tumbo, na haukuondoka pale hadi alipoketi.

Ndipo nikamwuliza Erasto hizo inchi sita amezipata wapi. Hakukasirika, ingawa nilikuwa namwuliza fundi kazi yake. Akasema tumbo la gari hili liko inchi kumi na sita kutoka chini. Jiwe, kwa alivyoambiwa, ni la goti. Akachukua futi, akaisimamisha kando ya mguu wake, ikasoma ishirini na moja. Toa kumi na sita, zinabaki tano. Akaongeza moja ya usalama.

"Goti la nani?" nikamwuliza.

Alidhani natania. Ukasha akasema kila mtu kwetu huliita jiwe la goti, tangu yeye mtoto. Ni kweli, tunaliita hivyo. Lakini jina hilo halikutolewa na wanaume. Sisi ndio tuliokuwa tukivuka pale na ndoo kichwani, na mtu mwenye ndoo haangalii chini. Kwa hiyo mkubwa humwambia mdogo: mbele kuna jiwe la goti, ili ajue ainue mguu kiasi gani. Mimi niliambiwa na mama mkwe wangu, ambaye alikuwa mfupi kuliko mimi, na mimi mwenyewe mnaniona. Ukasha alikuwa amelibeba neno tu, jiwe akaliacha korongoni, na lile neno lilipofika Korogwe likapata mguu wa Erasto.

"Pima langu," nikasema.

Erasto alisogea na futi, kisha akasita. Mimi ni bibi wa makamo ya mama yake, nimevaa khanga zangu mbili, na pale uani walikuwapo mafundi wengine. Alimpa Hafsa futi. Halafu akageuka akautazama ukuta, na alipoona wenzake wanachungulia akawaambia na wao wageuke. Wanaume watano wakautazama ukuta kama waliopewa adhabu shuleni. Hafsa aliinama kwa shida, akapima juu ya khanga.

"Kumi na saba," akasoma.

Erasto alikichukua kile kipande cha boksi akaukata mstari mpango wake wote.

Ukasha hakufurahi. Alisema refu ni refu, likizidi halidhuru, heri libaki na inchi tano za bure kuliko kukwama tena. Erasto akamjibu kwamba gari likizidi urefu huyumba, na kwenye kingo zile linaweza kulala ubavu. Ukasha akashikilia. Sauti yake ilikuwa imeanza kupanda, na nikajua hazungumzi na Erasto wala nami. Anazungumza na ile asubuhi.

"Bibi, na likigusa?" akaniuliza.

"Ndiyo maana hatutapima kwa goti langu pia," nikamwambia. "Tutakwenda kulipima jiwe lenyewe. Lakini kwenye gari hilo anapanda huyu. Kama hawezi kupanda, likipita juu ya jiwe limepita bure."

Alimtazama Hafsa, akatazama ile kreti ya soda. Kisha akamwuliza Erasto kama anaweza kuja, tukarudi nyumbani na gari letu.

Erasto alikuja kesho yake kwa pikipiki, mwendo wote ule, akiwa na futi na chaki mfukoni. Kwanza alitaka gari lipakiwe. Akasema kupima gari tupu ni kama kumpimia mtu nguo wakati amejikunyata. Tukapakia magunia manne ya mahindi, Mdoe na watu wengine watano wakapanda, Mdoe akidai nauli kwa kutumiwa kama gunia. Tumbo la gari lilishuka inchi moja na nusu. Jiwe, pale lilipo juu zaidi, lilikuwa kumi na saba na nusu. Nikamwonyesha Erasto jinsi maji ya masika yanavyokula mchanga chini ya jiwe, hivyo likazidi kutokeza. Alipiga magoti akachimba kwa mkono mpaka akaona kwenye jiwe alama ya pale mchanga uliposhukia masika yaliyopita, akaongeza nusu nyingine.

Mpango mpya aliuandika juu ya boneti, nami nikausoma mwenyewe. Springi za kuinua inchi mbili, na kila upande wa nyuma jani moja la springi la nyongeza, ili mzigo usilishushe gari zaidi ya nusu inchi. Tairi kubwa kidogo, za kutuongezea inchi moja. Jumla tumbo lingekaa kumi na nane na nusu likiwa na watu ndani, na jiwe kumi na nane. Nusu inchi.

"Ni ndogo," Ukasha alisema.

"Ni ndogo," Erasto akakubali. "Kwa hiyo nitafunga bamba la chuma chini ya gia boksi, jembamba, limelala. Likigusa litateleza, halitakalia. Na tutajaribu hapa mara kumi mbele yangu."

Chini kabisa ya mpango aliandika neno ambalo hakuna aliyemwomba: ngazi. Ya chuma, mlango wa nyuma, ya kukunjwa ili isikwame njiani. Alimwomba Hafsa ainue mguu mpaka pale asiposikia tumbo likivuta, akaweka alama ya chaki kwenye mlango.

Kazi ilichukua siku kumi na moja. Walijaribu pale jiweni mara kumi kama alivyosema, magogo yameondolewa, gari limejaa magunia. Mara mbili tulisikia bamba likikwaruza, na gari likateleza likapita. Ukasha alikuwa akishuka kila mara kutazama chini, kisha akirudi usukanini.

Masika yalikuja mapema. Siku tatu kabla ya Hafsa kuhamia Korogwe, tumeshamaliza swala ya alfajiri, alinigongea akasema maji yamemtoka. Mvua ilikuwa imekatika usiku. Korongoni maji yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa na jiwe halikuonekana.

Hafsa alipanda kwa ngazi, mguu mmoja halafu wa pili, mimi nyuma yake. Ukasha alishuka na fimbo akaingia majini, akalitafuta jiwe mpaka akaligonga. Alirudi amelowa. Hakukanyaga mafuta kama mwaka jana. Alikwenda taratibu, gari likainua pua, likashuka mbele. Hafsa alikuwa ameushika mkono wangu akiuminya.

"Tumepita?" akauliza.

"Bado," nikamwambia, kwa kuwa sikutaka kumdanganya.

Chini yetu chuma kilikwaruza, mkwaruzo mrefu, na Ukasha akashikilia usukani bila kuongeza wala kupunguza. Kisha magurudumu ya nyuma yakapanda, yakashuka, maji yakaruka madirishani. Alipofika ng'ambo hakusimama kutazama chini.

Korogwe tulifika saa mbili. Nesi aliyetupokea alikuwa anamaliza zamu ya usiku, tayari na mkoba wake begani, akauweka chini akabaki. Saa tano na kitu akatoka akaniita mimi kwanza, akasema Hafsa mzima, akanipa mtoto nimshike. Msichana. Alikuwa mzito kuliko nilivyotarajia, na amekasirika.