Meneja Chini ya Mashini

Gari la Senta liliposimama nje ya boma, Anjeline Aluka alikuwa akipalilia mtama, na hakuinua kichwa. Alilijua kwa mlio wake. Ndilo lililomleta nyumbani siku kumi na mbili nyuma, buti zake za mpira zikiwa ndani ya gunia na barua ya kuachishwa kazi ikiwa mfukoni. Barua ya mistari minne. Miaka kumi na mmoja ya kazi, mistari minne.

"Mama Emojong," aliita Mutua, dereva, akiwa bado ng'ambo ya ua. "Meneja anakuomba uje."

"Ananiomba au ananiita?"

Mutua akacheka kidogo, kisha akauona uso wake akaacha. "Belti ya mashini imekatika tena," alisema.

Anjeline akaliacha jembe lianguke.

Senta ndivyo watu walivyokiita kituo cha mikutano cha kanisa kilichokuwa kando ya barabara, kati ya Amagoro na Malaba. Kilikuwa na mabweni manne, ukumbi, na uwanja wa nyasi wa ekari saba ulioteremka mpaka kwenye lami. Uwanja huo ndio uliokuwa kazi ya Anjeline. Aliukata kwa mashini nyekundu ya kukalia, yenye usukani na magurudumu manne kama trekta ndogo, iliyoletwa na wafadhili mwaka wa 1985. Mzungu aliyekuja nayo alimfundisha kwa wiki tatu, akarudi kwao. Tangu siku hiyo kila kilichoharibika alikitengeneza mwenyewe. Madereva wa malori waliokwama kwenye foleni ya mpaka wa Uganda walikuwa wakija kuegemea ua wamtazame akipita amekaa kwenye kiti chake, kitambaa kichwani, wakimpigia miluzi. Hakuwajali. Alitazama mstari wa nyasi uliokatwa na uliobaki, basi.

Januari ya mwaka huu wa 1996 akaja meneja mpya, Job Ochuodho, kijana wa miaka thelathini na minne aliyevaa tai hata Jumamosi. Makao makuu yalimwambia apunguze wafanyakazi watatu. Aliwachagua mlinzi mmoja, mama mmoja wa kufua, na Anjeline. Mashini akampa Mutua, akisema anayeweza kuendesha gari hawezi kushindwa na kitu cha kukata nyasi.

Haikumaliza wiki. Mutua alikuwa na tabia ya kuegesha mguu kwenye pedali kila wakati, na mkanda unaopeleka nguvu kutoka kwenye injini hadi magurudumu ya nyuma ukaungua mpaka ukatoa moshi. Wakamwita fundi wa malori kutoka Busia, akaweka mwingine. Huo ulidumu dakika kumi, ukatafunwa vipande. Sasa walikuwa na mmoja tu, wa mwisho katika duka walilonunua. Jumamosi askofu anakuja na wageni mia nne. Leo Alhamisi. Mvua za masika zilikuwa zimepandisha nyasi hadi magotini, na vibarua wa kufyeka, siku mbili nzima, walikuwa wamemaliza ekari moja.

Hayo yote Mutua aliyaeleza akiwa amesimama juani, akizungusha kofia mikononi.

Egwang, mumewe Anjeline, alikuwa mlangoni akiziba pancha ya baiskeli yake ya kubebea watu mpakani. "Nenda, mama," alisema. "Pengine wanataka kukurudisha. Enda umsikie."

"Wewe ulikuwepo wakinipa barua?"

"Sikuwepo. Nakwambia tu usiende na huo uso."

"Ndio uso nilio nao."

Aliingia ndani. Walidhani atatoka na buti na ile ovaroli ya zamani. Alitoka amevaa gauni lake la kanisani, la manjano, lililopigwa pasi, na viatu vyenye kisigino kidogo.

Mutua alimtazama toka juu hadi chini. "Mama, utalala chini na hiyo nguo?"

"Nani amekwambia mimi nitalala chini?"

Njiani, kilichokuwa kikimchemka kifuani hakikuwa barua yenyewe. Watu huachishwa kazi. Aliwaona wengi, miaka hii ilikuwa hivyo kila mahali. Kilichomchoma ni kwamba Job Ochuodho alimpa barua ile akiwa anaongea na simu. Aliisukuma juu ya meza kwa kidole kimoja, hakuikata simu, hakuinua macho. Na alipoisoma, sentensi ya tatu ilisema kwamba huduma zake hazihitajiki tena.

Mashini ilikuwa chini ya banda la magari, kwenye nyasi, spana zimetapakaa kando yake. Meneja alitoka ofisini kwa haraka.

"Anjeline! Vizuri umefika. Vifaa viko hapo, belti ndiyo hii. Ukimaliza mapema, Mutua aanze kukata leo leo."

"Mama Emojong," Anjeline alisema.

"Nini?"

"Mimi naitwa Mama Emojong. Kijana wangu wa kwanza umri wake si mbali na wako. Uliniita Anjeline nikiwa mfanyakazi wako, nikanyamaza. Leo mimi si mfanyakazi wako."

Job aliigeukia mashini. "Sawa. Mama Emojong. Tunaomba utusaidie."

"Nitasaidia. Leteni kiti."

Phoebe, mpishi, ambaye alikuwa ametoka jikoni na mwiko mkononi, alikimbia akaleta kiti cha plastiki. Anjeline akakaa, akakunja mikono juu ya gauni lake.

"Haya, meneja. Lala chini."

Mutua aliinama ghafla kuokota spana. "Mimi nitafanya, boss—"

"Wewe kaa hapo," Anjeline alimkata. "Umeshaunguza moja. Barua yangu iliandikwa na meneja, kazi yangu itafanywa na meneja. Mimi nitasema, yeye atafanya. Kama hataki, barabara ya kurudi kwangu naijua."

Job alimtazama, akautazama uwanja, akaitazama anga iliyoanza kujaa upande wa Uganda. Akafungua tai, akaiweka kwenye kiti cha mashini.

"Kuna gunia la kulalia?" aliuliza.

"Mimi sikuwahi kupewa gunia."

Akalala.

Anjeline alimfundisha kama mtu anayepiga. Kwanza chomoa waya ya plagi, isije ikawaka ikakukata vidole. Kanyaga pedali hadi mwisho, ifunge hapo hapo, ndiyo inayolegeza mkanda. Shusha bati la visu. Toa pini. Siyo hiyo, hiyo nyingine. Toa mkanda wa visu kwenye puli ya injini, vuta bati lote litoke kwa ubavu. Vuta! Mimi nilikuwa nalivuta peke yangu na mimba ya miezi sita.

Jasho lilimtoka meneja, likachanganyika na grisi. Shati lake jeupe likashika rangi ya nyasi mgongoni. Wafua nguo walitoka, mlinzi wa langoni akaja, wote wakasimama mbali kidogo, kimya kama watu walio kanisani.

"Lazima hawa wote wasimame hapa?" Job aliuliza kutoka chini.

"Si wewe ndiye meneja? Wafukuze. Hiyo unaijua."

Phoebe aliziba mdomo kwa kanga.

Mabaki ya mkanda wa fundi wa Busia yakatoka, nyuzi zikining'inia. Anjeline akaunyoosha mkono, akayashika, akayageuza. Aliona mara moja. Fundi alikuwa ameupitisha nje ya vidole vya chuma, vile vijipini vilivyo kando ya puli ya kuushikilia mkanda usiruke, na pini zikauguguna kila mzunguko. Alikuwa ametazama mashini kwa macho ya lori.

"Chukua mpya. Anzia nyuma, puli ya gia. Pitisha juu ya kile kifeni, taratibu, usivunje mabawa yake. Usiusokote. Ule upande mwembamba uingie ndani ya mfereji. Kwenye puli bapa ya kukaza, mgongo ndio unaogusa. Sasa mbele, injini."

Job alihangaika. Mikono yake ilikuwa laini na sasa ilikuwa na mikwaruzo. Alilaani chini chini, kwa Kidholuo. Mwishowe mkanda ukaingia. "Tayari," alisema, akihema.

Anjeline akainama kwenye kiti, akachungulia.

Ulikuwa nje ya kidole kimoja. Kimoja tu, cha mbele, upande wa kushoto. Angenyamaza, wangerudisha bati, wangewasha, mashini ingetembea vizuri kabisa. Ingetembea saa moja, labda mbili. Kisha ingesimama katikati ya uwanja, nusu umenyolewa na nusu msitu, na hakuna mkanda mwingine dukani. Jumamosi askofu angeteremka kwenye gari lake akanyage nyasi mbichi za magotini, na Job Ochuodho angekuwa hapo na tai yake. Alimwona waziwazi. Utamu wa picha ile ulimjaa mdomoni. Hakuna ambaye angejua.

Alikaa hivyo kwa muda. Phoebe akaanza kumtazama.

"Toa!" Anjeline alipiga kelele, mpaka Job akajigonga kichwa kwenye chuma. "Toa! Umepitisha nje! Huoni hicho kidole? Kwani macho ni ya kusomea barua tu?"

Job akasema polepole kutoka kule chini, "Umeona tangu nilipomaliza. Kwa nini hukusema mara moja?"

"Nilitaka ukatike. Mbele ya askofu."

"Na kwa nini umesema?"

"Sijui. Nyamaza ufanye kazi."

Lakini alijua, na ndicho kilichomkasirisha zaidi ya yote. Hakuweza. Mikono yake miaka kumi na mmoja ilikuwa imekataa kuacha kitu kibaya ndani ya mashini ile, na sasa, hata alipoikunja mapajani, haikumtii. Meneja aliweza kumtoa yeye kwenye kazi kwa kidole kimoja. Yeye hakuweza kuitoa kazi ndani yake.

Waliporudisha bati la visu na waya ya plagi, Mutua akawasha. Mashini ikakohoa, ikanguruma, akaiachia pedali taratibu, ikasogea.

"Mguu!" Anjeline alimfokea. "Ukishaachia pedali, toa mguu kabisa! Hapo si mahali pa kupumzikia!"

Mutua akatoa mguu. Mashini ikaenda ikaingia kwenye nyasi, na harufu ile ikaja, ya kijani, yenye maji. Anjeline akageuza uso.

Job alikuwa akijifuta mikono kwa gazeti. Alionekana mdogo bila tai. "Mama Emojong," alisema, "nitasema ukweli. Nilipoambiwa nipunguze watu, nilitazama dirishani nikakuona umekaa juu ya kiti unazunguka. Nilidhani kazi yako ni hiyo tu. Kukaa."

"Uliniuliza?"

"Sikuuliza."

"Miezi mitatu, ofisi yako iko hatua ishirini na banda hili. Hukuuliza."

"Naweza kukupa kibarua. Mpaka Jumamosi, kisha tuone. Makao makuu nitajaribu kuwaambia."

Anjeline akasimama, akanyoosha gauni lake. Hakukuwa na doa hata moja. "Kibarua sitaki. Nataka barua nyingine. Hiyo uliyonipa inasema huduma zangu hazihitajiki. Leo zimehitajika, watu wote hawa wameona. Andika kwamba niliendesha mashini hii na kuitengeneza mimi mwenyewe miaka kumi na mmoja. Andika hapa, nikiona."

"Ngoja ninawe mikono, katibu apige chapa—"

"Hapana. Hivyo hivyo."

Job akaandika kwa kalamu, juu ya bodi ya gari, kwenye karatasi yenye kichwa cha Senta. Iliandikwa mistari mingi. Akaweka sahihi, na kidole gumba chake kikaacha alama nyeusi ya grisi pembeni. Akataka kuandika upya, safi. Anjeline akaichukua, akaikunja mara mbili, akaenda zake. Mutua alikuwa uwanjani, kwa hiyo hapakuwa na wa kumrudisha kwa gari. Alitembea kandokando ya malori yaliyosimama, viatu vikimuuma, hasira ikiwa palepale.

Nyumbani Egwang alimsikiliza mpaka mwisho, kisha naye akafura. "Wamekupa kazi ukakataa? Kwa sababu ya maneno?"

"Wamenipa siku mbili."

"Siku mbili si kitu? Wewe ndiwe utawaambia watoto wa shule kwamba watakula barua?"

Hawakuongea hadi Jumapili.

Barua ile ilikaa miezi mitatu bila faida. Aliipeleka kwenye shule mbili za Amagoro na hospitali moja ya Busia. Waliisoma, wakaitazama alama ya grisi, wakamtazama yeye, wakasema watamwita. Julai, mama mmoja aliyeitwa Bridgit Ogendo, mwenye kinu cha kusaga unga pale Malaba, aliisoma akacheka kwa sauti. "Meneja ameandika kwa mkono mchafu hivi? Basi huyu hakuandika uongo," alisema, akampa kinu akiangalie kuanzia siku ile.

Kazi ilikuwa nzuri. Kinu kilikuwa na mikanda mitatu, mirefu kama nyoka, na hakuna hata mmoja uliokatika ovyo mikononi mwake. Egwang alirudi kuwa mtu wa kucheka. Lakini asubuhi nyingine, baada ya mvua, upepo ukitoka upande wa Senta, Anjeline aliisikia harufu ya nyasi zilizokatwa ikiingia katikati ya vumbi la unga. Alizipenda nyasi zile. Hilo halikuwa kwenye barua yoyote, na hilo hakumsamehe Job Ochuodho. Aliuma meno, akawasha injini, akamwambia mteja aliye mbele alete gunia lake.