Tundu la Saba

Kazi yangu hapa machimboni ni kuhesabu. Mafundi wanatega baruti kwenye matundu saba, mimi nakaa juu ya kichuguu na kitambaa chekundu, nahesabu milio, na mtu haingii shimoni mpaka niseme saba. Leo nimehesabu sita. Nangoja, pengine wa saba umechelewa, jua la mchana linanichoma, kope zinashuka, na hapohapo kichuguu kinafunguka kama mlango, napita.

Ndani ni barabara tu, haina mwisho. Mtu asiye na uso anatangulia. Kaka, namuuliza, mlio wa saba uko wapi? Anajibu, uliokuja umeondoka, usiokuja ndio upo. Tunaingia mji wa vioo, wanawake wanajitazama, wananiambia, Limi, umemwona mwenzetu Holo leo alivyolipuka? Naona gauni la kumetameta, moto siuoni. Huo ndio wa saba? Wanacheka, mtazameni huyu, kaja na vumbi lake. Barabara inajikunja, mji ni uleule, ila vioo vimepakwa chokaa, nesi ananizuia, dada, maji hayo usinywe, kuna mlipuko wa kipindupindu. Natega sikio. Kimya. Nashtuka, kumbe upo mlipuko usiolia, unakaa ndani ya maji umetulia hivi. Nesi ananishika mkono, unabaki mweupe kwa chokaa. Barabara inajikunja tena, mji uleule, fundi anajenga ukuta na ukuta unaanguka nyuma yake. Fundi, namwambia, unalipua kazi. Anageuka, naye hana uso. Na wewe je, umehesabu ngapi?

Nataka kusema sita, mdomo unasema saba. Namwona kaka yangu Masunga anashuka shimoni akipiga mluzi, anakwenda palepale kwenye tundu lililotulia kama yale maji. Namwita, sauti haitoki.

We Limi. Ni Masunga, kasimama mbele yangu, nyundo begani, wenzake wako nyuma. Bibi mkubwa umelala? Mwenzetu anasema kakusikia ukisema saba, tuingie au?

Natazama mkono wangu, mweupe, lakini vumbi la hapa nalo ni jeupe. Sijui nimetoka au bado natembea.

Sita, nasema.

Acha ndoto zako wewe, anasema, anainua mguu avuke kamba inayozuia shimo. Namkamata suruali kwa mikono miwili. Ardhi inatikisika, mawe yanaruka, sijui ni ya huku au ya kule.

Saba, nasema, na simwachii.