Onja Kwanza

Kama ulipita gulio la Nyantakara miaka mitatu iliyopita, ukashuka kwenye basi koo limekauka, basi ulikunywa juisi ya Niragira. Alikuwa na banda la mabati, mabenchi mawili, ndoo tatu zenye mifuniko, na kitambulisho chake cha mjasiriamali kinaning'inia shingoni hata siku zisizo za gulio. Na alikuwa na jambo moja lililowachekesha wageni: kila kikombe alichomimina, alikunywa yeye kwanza. Si kuchovya ulimi. Alipiga funda zima, akameza watu wakimwona, ndipo akakijaza tena na kumpa mteja. Wageni walidhani ni mbwembwe za biashara. Wenyeji hawakucheka.

Kwetu mwenye nyumba kuonja kinywaji mbele ya mgeni si ajabu, ni adabu ya zamani. Lakini watu huonja mara moja, chombo kinapofunguliwa, kisha mazungumzo yanaendelea. Kuonja kikombe kwa kikombe, mwaka baada ya mwaka, hiyo ilikuwa ya Niragira peke yake, na aliyemfikisha huko alikuwa mama mkwe wake.

Siku walipomzika Anatoli, mumewe Niragira, mama mkwe huyo, Selestina, alisimama kando ya kaburi la mwanawe akasema maneno machache tu. "Mwanangu chakula chake cha mwisho alikula kwa mkewe." Basi. Sumu hakuitaja, wala hakuwa na haja ya kuitaja. Anatoli alikuwa mtu wa miaka arobaini na moja ambaye hajawahi kulala hospitali hata siku moja. Alikonda miezi mitatu, akaanguka asubuhi, jioni akawa maiti. Watu walikuwa wanatafuta jibu, wakapewa. Halafu huyo mke mwenyewe alitoka Kanazi, huko Ngara, kwa watu waliokimbia vita Burundi, na nani pale Nyantakara aliujua ukoo wake? Tangu siku ile hakuna aliyekubali hata maji ya kunywa mkononi mwake. Jirani akija kuazima jembe, alisimama nje ya ua na kulipokea kwa mkono ulionyooshwa.

Sasa mtu wa namna hiyo akifungua biashara, si angeuza vitunguu, au sabuni, au mitumba? Wewe na mimi tungefanya hivyo. Lakini Niragira alikuwa na binti wa kusomesha, Keza, na shamba la migomba, na kazi moja aliyoijua vizuri kuliko watu wote wa kata ile: kukamua umutobe, juisi ya ndizi mbivu isiyochachuka. Baba yake alimfundisha namna ya kuvundika ndizi shimoni siku nne, si tatu wala tano, na namna ya kuzifinyanga kwa nyasi mpaka juisi itoke safi, bila kutia maji hata tone. Huo ndio mtaji aliokuwa nao.

Siku ya kwanza alikaa na ndoo moja na vikombe vinne tangu asubuhi mpaka jua linageuka. Watu walipita wakiangalia upande mwingine. Mwishoni akaja Aristides, fundi baiskeli, ambaye alikuwa amesukuma baiskeli ya mtu kutoka mbali na kiu imemshika kweli. Akapokea kikombe. Akakinusa. Akakumbuka yuko kwa nani, akakiweka chini taratibu, kama mtu anayeweka yai.

Niragira alikichukua kile kikombe, akanywa hadi nusu, akakijaza tena, akampa. Aristides alimtazama kwa muda, labda akingoja aanguke. Hakuanguka. Fundi akanywa chote, akaomba cha pili, na hicho cha pili pia akasema, kwa aibu kidogo, "Onja kwanza, mama."

Biashara ilianza hapo. Aliyemwona Aristides akinywa naye alikuja aonjewe, na aliyemwona huyo alikuja pia. Mwaka wa pili Niragira aliezeka banda. Mwaka wa tatu Keza alikwenda shule ya bweni Biharamulo mjini, na sanduku lake la bati lilikuwa jipya. Watu walimbandika mama yake jina la Mama Onja, naye akaitika akitabasamu. Walinunua, walisifu, walikaa kwenye mabenchi yake wakipiga soga. Ila hakuna aliyewahi kumwambia, leo acha, nakuamini. Hata mmoja. Siku za gulio alionja vikombe sitini, sabini, na aliporudi nyumbani hakuwa na hamu ya chakula.

Mwaka wa sita kiu ikaja. Alikunywa maji usiku kucha na kiu haikuisha. Mwili ukapungua, kitenge kikawa kinazunguka kiuno mara mbili. Kidole cha mguu wa kulia kilichomwa na mwiba, kidonda kikakataa kupona, na kibaya zaidi hakikumuuma. Justina, muuza dagaa wa banda la pili, ndiye aliyemsukuma apande basi kwenda hospitali Biharamulo.

Daktari alikuwa kijana mpole. Alimpima damu, akaitazama mashine, akampima tena.

"Mama, una kiu sana?"

"Sana."

"Unakonda? Unakojoa mara nyingi?"

"Ndiyo."

"Pale unapokojoa, umewahi kuona sisimizi wamejaa?"

Niragira alikuwa ameshafika mbali. Aliwaona sisimizi wale, si wake, wa Anatoli, mstari mweusi nyuma ya nyumba, kila asubuhi, katika ile miezi mitatu. Anatoli aliwacheka, akasema mkojo wake sasa una wageni. Na kiu ile. Usiku kucha alikuwa akisema, mke wangu, maji hayanikati kiu, nipe umutobe. Naye akampa. Alimpa kibuyu kizima kando ya kitanda, akakijaza kila kilipokwisha, kwa sababu alimpenda na kwa sababu mwenyewe aliona raha kumwona akinywa. Hata asubuhi ile alipoanguka, kibuyu kilikuwa kitupu.

"Mama, unanisikia?" Daktari alikuwa anaandika kwenye kadi. "Hiki ni kisukari, na kimepanda vibaya. Vidonge hivi utakunywa kila siku. Juisi ndiyo basi, hata ya kuonja. Ukiendelea nayo, mguu huu tutaukata, na hiyo ni ukiwahi kufika hapa ukiwa hai."

Ndani ya basi Niragira alilia njia nzima, amejifunika khanga usoni. Hakuwa akiulilia mguu.

Mtu anaweza kuuliza, si angemwajiri mwingine wa kumwonjea? Aliliwaza hilo. Lakini aliwajua watu wake: wangesema huyo amepewa dawa ya kujikinga. Aliyeweka neno lile ni mmoja, na wa kuliondoa ni huyohuyo. Kwa hiyo kesho yake akaenda kwa Selestina.

Mama mkwe alikuwa barazani anachambua maharage kwenye ungo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Hakumkaribisha kiti.

"Mama, nimetoka hospitali. Nina kisukari. Ni ugonjwa uleule wa Anatoli. Kiu ile, kukonda kule, ni huohuo."

"Kisukari ni ugonjwa wa matajiri," Selestina alisema. "Anatoli alipimwa?"

"Hakupimwa, lakini..."

"Basi usimsingizie marehemu."

Niragira alipiga magoti kwenye vumbi. "Mama, sikuja kugombana. Naomba kitu kimoja tu. Njoo gulioni, unywe kikombe kimoja kutoka mkononi mwangu, watu wakuone. Ukinywa wewe, hakuna atakayenidai nionje tena. Nikiendelea kuonja nakufa, na Keza atabaki na nani?"

Mikono ya Selestina ilisimama juu ya ungo. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka sita alimtazama mkwewe usoni, na Niragira akaona kwamba yule mama alikuwa amezeeka sana.

"Nikinywa, maana yake mwanangu hakuuawa na mtu," Selestina alisema.

"Hakuuawa na mtu, mama. Ni ugonjwa."

"Ugonjwa nitauchukiaje?"

Akarudia maharage yake. Niragira akainuka. Habari ya kibuyu hakuisema. Ilikuwa imemfika mdomoni, akaimeza, na ilikuwa chungu kuliko vile vidonge.

Gulio lilipofika alipanga ndoo zake tatu kama kawaida. Aristides ndiye aliyekuwa wa kwanza, kama kawaida. Niragira alimmiminia, akampa kikombe kikiwa kimejaa, hakukigusa kwa midomo.

"Leo sionji," aliwaambia wote waliokaa, kwa sauti ya kusikika. "Naumwa kisukari. Daktari amenikataza juisi. Kadi hii hapa, asomaye asome."

Kadi ikazunguka kwenye benchi. Waliojua kusoma waliisoma, wasiojua waliigeuza. Kisha wakanyamaza, na unajua watu wa benchi wakinyamaza wanafikiri kitu kimoja. Mmoja alikitoa taratibu.

"Kwa hiyo juisi hii ndiyo iliyomuumiza?"

"Imemuumiza hata yeye mwenyewe aliyeitengeneza."

"Sasa sisi je?"

Aristides alikiweka kikombe chini, taratibu, kama siku ile ya kwanza. "Nakuja, mama," alisema, akaenda kukaa kwenye baiskeli zake. Kufikia saa saba mabenchi yote mawili yalikuwa matupu. Niragira aliketi nyuma ya ndoo tatu zilizojaa, nzi wakizunguka mifuniko, na upande wa dagaa watu walikuwa wanacheka kwamba Mama Onja leo ameogopa dawa aliyoitia mwenyewe. Justina peke yake hakucheka, lakini naye hakuja kunywa.

Saa tisa Selestina akaingia gulioni.

Kilichomleta hakijulikani, na yeye hakuwahi kukisema. Labda kicheko kilimfikia nyumbani. Labda alichoka kuchukia, maana hiyo nayo ni kazi. Alikuja na fimbo yake na kitenge cha kanisani, akapita katikati ya watu waliokuwa wakimpisha, akakaa kwenye benchi tupu.

"Nipe kikombe."

Gulio lilitulia. Hata muuza redio alipunguza sauti. Niragira alimimina kwa mikono miwili, akampa, akapiga goti kidogo kama inavyopasa kwa mama mkwe. Moyoni alikuwa anasema, Mungu wangu, leo, leo, leo.

Selestina alikishika kikombe. Alikitazama muda mrefu. Mwishoni akakirudisha mbele, na sauti yake ilikuwa ndogo, karibu ya kuomba.

"Onja kwanza."

Hakuwa na ubaya. Hilo lisemwe wazi. Yule mama alikuwa na hofu tu. Miaka sita alikuwa amewaaminisha wengine, na aliyeamini kuliko wote alikuwa yeye.

Niragira alikitazama kikombe, akawatazama watu waliosimama wakiangalia, akamwona na Aristides amenyanyuka na spana mkononi. Kikombe kimoja, alijiambia. Kimoja tu, na neno lile limekufa. Akanywa funda, akameza watu wakimwona, akakijaza, akampa.

Selestina akanywa. Alikunywa polepole mpaka mwisho, akapangusa midomo kwa ncha ya kitenge, na machozi yalikuwa yanamtoka.

"Tamu," alisema. "Hii ndiyo aliyokuwa akiipenda Anatoli."

"Ndiyo, mama," Niragira alijibu. "Ndiyo hiyo."

Watu wakaanza kurudi. Alikuja Aristides, akaja Justina, wakaja waliocheka na waliokuwa hawajapokea kinywaji mkononi mwake tangu mazishi, wazee kwa vijana, mpaka mabenchi yakajaa na wengine wakachuchumaa chini. Wote walikuwa na furaha, hata wengine walitaniana kwamba ubishi umekwisha. Aristides akapokea kikombe chake, akakinyoosha mbele, akitabasamu kama mtoto wa nyumbani.

"Nionjee na mimi, mama, kama ulivyomwonjea bibi."

Niragira aligeuka kumtazama Selestina. Neno moja tu kutoka kwake lingetosha. Lakini Selestina alikuwa ameinamia kikombe kitupu, yuko na mwanawe. Niragira akaonja cha Aristides. Akaonja cha Justina. Akaonja cha mwenyekiti wa kijiji, ambaye kwa miaka sita alikuwa akipita bila salamu. Alikuwa na furaha, tusiseme uongo. Kila aliyepokea kikombe alimshika mkono, na mkono wa mtu alikuwa ameukosa mno. Na ndani ya furaha hiyo alikuwa akimwona Anatoli na kibuyu chake, na kila funda lililopita kooni alihisi ni haki yake alinywe.

Ndoo ya pili ilipokwisha, macho yalikuwa yanaona ukungu. Mguu wa kulia haukuwa ukisikia tena ardhi chini ya kandambili, naye akayumba, akashika nguzo ya banda.

Selestina akamwona. Akainuka na fimbo yake, akaenda kwa muuza dagaa, akarudi amebeba kigoda, mwenyewe, pamoja na uzee wake wote. Akakiweka nyuma ya ndoo ya tatu, akamfungulia mfuniko.

"Kaa, mwanangu," alimwambia. Hakuwahi kumwita hivyo tangu aolewe.

Niragira akakaa, akapokea kikombe kilichofuata, akaonja.