Sindano ya Baba Ratri

Nilibana nyama ya paja lake kwa vidole viwili, kama muuguzi alivyonifundisha, lakini hapakuwa na nyama ya kubana. Ilikuja ngozi peke yake, nyepesi, na nilipoiachia ikabaki imesimama kama kitambaa kilichopigwa wanga. Mume wangu alikaa ukingoni mwa kitanda, shuka ameipandisha, macho ukutani.

"Choma tu, Mama Ratri," akasema. "Ukingoja ninenepe kwanza, tutakaa hapa mpaka Ratri aolewe."

Nikachoma. Hakushtuka.

Huyo ndiye Ngadiman, ambaye miaka miwili kabla ya hapo alikuwa akinyanyua nyundo ambayo mimi sikuweza hata kuiburura sakafuni. Kwetu, mashariki ya mji wa Solo, watu wanafua patu za shaba za kupigia muziki. Upatu mkubwa hufuliwa na wanaume wanne waliolizunguka bamba jekundu la moto, kila mmoja akipiga kwa zamu yake bila kuacha mwanya, maana shaba ikipoa kabla nyundo hazijamaliza, hupasuka. Ngadiman alikuwa nyundo ya tatu. Nyundo ya nne alikuwa Giyarto, rafiki yake tangu walipokuwa wakioga mtoni uchi. Kazini walisimama wakitazamana, na hata mtaani waliongea vilevile: mmoja akidondosha neno, mwenzake analidaka.

Virusi vya homa ya ini walikuwa navyo wote wawili, pengine tangu utotoni. Macho ya mume wangu ndiyo yaliyotangulia kugeuka manjano, kisha tumbo likajaa maji. Mizani ikasema hajapungua hata kidogo, nami nikaiamini mizani, mpaka siku niliyomsugua mgongo nikahisi mifupa inapita chini ya kiganja changu mmoja baada ya mwingine. Uzito ule ulikuwa wa maji. Mtu mwenyewe alikuwa anaondoka.

Na kila aliyekuja kumjulia hali alikuja na katazo lake. Asile mayai. Asile samaki. Mafuta ndiyo kabisa, ini litachoka. Akabaki na uji na ndizi za kuchemsha.

"Nani kamkataza huyu mayai?" Daktari Kinasih aliuliza siku ya kwanza, pale hospitali kubwa ya mjini. Alikuwa mwanamke mfupi, anayeongea haraka, kalamu mbili amezichomeka kwenye ushungi akazisahau.

"Kila mtu," nikamjibu.

"Ini limeshachoka, hilo kweli. Lakini mwili lazima ule. Usipopewa nyama unakula misuli yake. Mumeo anajila mwenyewe, mama."

Akatueleza habari za utafiti. Wagonjwa wote wangefundishwa kula, mara nyingi kwa siku na kidogo kabla ya kulala, na wangeendelea na dawa zao. Nusu yao wangeongezewa sindano ya kila siku, homoni ya ukuaji, kwa mwaka mzima. "Ubongo wake unaitoa hiyo homoni, tena kwa wingi," alisema. "Ini ndilo linalotakiwa kuipokea na kuipa misuli amri ijengeke. La kwake limekuwa kiziwi. Sisi tunaongeza sauti, tuone kama litasikia."

"Na lisiposikia?" Ngadiman akauliza.

"Basi tutajua kwamba halisikii."

Mume wangu akacheka. Kuanzia hapo alimwamini.

Nani apate sindano na nani asipate, kompyuta ndiyo iliyoamua. Ngadiman ilimpa. Giyarto, ambaye tumbo lake nalo lilikuwa limeanza kujaa na aliandikishwa wiki ileile, ilimnyima.

"Wewe umepewa homoni, mimi nimepewa hotuba," alisema tukiwa tunangoja basi, na tukacheka wote watatu.

Sindano tuliziweka kwenye friji, nyuma ya tempe ya soya na pilipili. Mwanzoni sikuona kitu. Baadaye vidole vyangu vikaanza kupata cha kubana. Siku moja alinipokonya mtungi wa gesi uani akaubeba mwenyewe mpaka jikoni, akauweka chini, akasimama anahema, anajitazama mikono kama ya kuazima. Maji ya tumboni yalikuwa yamepungua kwa dawa. Alikuwa anakula mayai, samaki, tempe ya kukaanga, na bado ananyoosha sahani.

Giyarto alikuja mchana mmoja wa jua kali. Alivua kandambili mlangoni, na nilipoona vifundo vya miguu yake, vyembamba kama vya kuku, nikaenda jikoni kutafuta kitu cha kufanya. Aliketi mkekani kumkabili mume wangu.

"Unafanana na mtu niliyekuwa namjua," Giyarto akasema.

"Na wewe unafanana na mpini wa mwavuli."

"Mwavuli wenyewe umeibwa." Akacheka kidogo, akakohoa. Kisha akashusha sauti, lakini nyumba yetu ni ndogo. "Ngadi. Hiyo dawa... ukinimegea nusu, kuna atakayejua?"

Nilisikia mume wangu akijibu bila hata kuvuta pumzi. "Chukua. Mama Ratri! Kuanzia leo gawanya mara mbili."

Nikatoka na mwiko mkononi. "Sigawanyi."

"Nimesema gawanya."

"Nimekusikia. Na mimi nimesema sigawanyi. Hii si chapati. Nusu haitamfaa yeye wala haitakufaa wewe, na mimi nitazika wanaume wawili badala ya kuponya hata mmoja."

Neno lilikuwa limeshatoka. Giyarto aliinuka akijishika ukutani. "Usigombane na mkeo, Ngadi. Shemeji yangu anasema kweli," akasema, akavaa kandambili zake na kwenda zake. Mume wangu alimtazama mpaka alipopotea kwenye kona ya kisima.

Jioni ile alikataa kupandisha shuka. Na kesho yake. "Nilipiga nyundo mbele ya uso wa yule mtu maisha yangu yote," alisema. "Leo ninenepe nikimwangalia anakauka? Weka dawa yako ndani ya friji, ile tempe ndiyo inenepe."

Nikapanda basi peke yangu kwenda mjini, nikamwambia daktari kila kitu, pamoja na la kuombwa tugawane. Nilitegemea kufokewa. Daktari Kinasih alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Huyo Giyarto anakula?"

"Amefundishwa kama sisi."

"Sikuuliza amefundishwa nini. Nimeuliza anakula?"

Nikarudi na basi, nikashuka na kwenda moja kwa moja nyumbani kwake. Mke wake alikuwa Hong Kong, akilea watoto wa watu. Jiko lilikuwa baridi. Mezani palikuwa na bakuli la tambi za pakiti zilizovimba, hazikuliwa hata nusu, na mayai aliyoagizwa kula yalikuwa bado kwenye trei yake.

"Mtu akila peke yake hasikii njaa, shemeji," aliniambia, kama anayeomba radhi kwa ajili ya vyombo vichafu.

"Beba hiyo trei," nikamwambia. "Unahamia kwetu kwa kula."

Alikataa. Nikamweleza kwamba rafiki yake amegoma kuchomwa sindano, kwa hiyo hapa hakuna hisani, kuna biashara tu. Hapo akabeba trei.

Ndivyo ilivyokuwa kuanzia hapo. Giyarto anamaliza yai, Ngadiman anapandisha shuka. Giyarto akiacha samaki, mume wangu anashika shuka yake kwa mikono miwili kama bibi harusi. "Meza, we mzee! Unanicheleweshea homoni!" Walipigiana kelele hadi majirani wakazoea. Nilipika kiasi cha watu sita, na sehemu ya mwisho Giyarto alikwenda nayo nyumbani kwenye bakuli la kufunika, ale kabla ya kulala.

Hakunenepa kama mwenzake, siwezi kudanganya. Lakini mashavu yalirudi, na akaacha kujishika ukutani. Mwezi wa tisa damu ya Ngadiman ilionyesha sukari imepanda, na Daktari Kinasih akaisimamisha sindano kabla mwaka haujaisha. Hakulalamika. Aliuliza tu kama anaruhusiwa kubeba nyundo.

"Ndogo," daktari akasema.

Walikwenda karakana asubuhi moja, wote wawili, nami nyuma yao na chupa ya maji. Fundi mkuu aliwapa upatu mdogo na moto mmoja tu, yaani kuupasha mara moja. Ya tatu, ya nne, ya tatu, ya nne. Walipiga vibaya. Bamba likaenda upande na fundi mkuu akalirudisha kwenye chungu cha kuyeyushia. Wao walikaa chini wakihema, wamelowa jasho, wakilaumiana nani aliyechelewa.

Tuliishi hivyo misimu miwili zaidi ya mvua. Kifo kilipokuja hakikupitia kwenye misuli. Mshipa ulipasuka ndani ya koo, na kabla gari halijafika hospitali Ngadiman alikuwa ameondoka.

Wanaume walimwosha uani kwetu, Giyarto akimimina maji. Kisha akaingia chini ya jeneza, upande wa mbele, na alipoambiwa apumzike, ampishe mwenye nguvu, alizidi kukaza bega. Makaburini ni mbali, na njia inapanda.

Aliporudi nilikuwa nimekaa ukumbini na wanawake. Alisimama mlangoni, bega moja la shati likiwa limekunjamana, akilisugua kwa kiganja.

"Alikuwa mzito, shemeji," akasema. "Wenzangu walibadilishana mara mbili njiani. Alikuwa mzito kweli."

Nikamwambia aingie, ale.