Valvu za Dunstan

Lusekelo alizikwa mbele ya watu kumi, kwa kuwa sheria za korona hazikuruhusu zaidi. Dunstan hakuwamo, wala hakuomba kuwamo, yeye aliyesimama na Lusekelo siku ya harusi yake kule Tukuyu. Mwenzake alipokuwa kwenye mashine ya kupumulia hakupiga simu hata mara moja. Baada ya maziko alituma picha ya mshumaa kwenye kundi la WhatsApp, basi.

Wiki iliyofuata akatoka mtaani kwake Liverpool, upande mwingine wa Sydney, akatokea Rooty Hill kwa marehemu, akasimama nje ya geti, barakoa imempanda hadi chini ya macho.

"Pole sana, shem. Mambo ya lockdown, unajua tena."

"Asante," akajibu Atupele, mjane wa Lusekelo. "Umepitaje kutoka Liverpool?"

"Nina kibali cha kazi. Ile silinda hedi ya injini ya gari yangu, shem... marehemu alisema imebaki kufungwa tu. Nimepata fundi mwingine Bankstown."

Kumbe vibali vilikuwepo. Atupele akaingia gereji.

Tangu hoteli aliyokuwa akisafisha ifungwe, alikuwa akishinda humo na mumewe, akimtazama kazini. Hedi ilikuwa juu ya meza, imeoshwa, uso umenyooshwa ukang'aa. Kando yake valvu zilichomekwa kwenye ubao, kila moja kwenye tundu lake. Lusekelo alikuwa amesaga kila valvu kwenye siti yake, pale inapokalia, kwa dawa ya kusagia na kijiti cha mpira, akikizungusha viganjani mpaka valvu na siti zikaumana.

"Hizi sasa ni mke na mume," alimwambia. "Ukizichanganya, zinavuja zote."

Ya mwisho aliisaga huku akikohoa.

Atupele akazing'oa zote, akazimwaga ndooni, akazivuruga kwa mkono, kisha akazifunga kwenye mfuko wa plastiki. Moyo ukapoa. Akamsaidia Dunstan hata kupakia hedi kwenye buti.

Mwisho wa mwezi rafiki yake Hope alimpigia simu.

"Usikasirike, dada, ila bora uyasikie kwangu. Dunstan anasema gari inamisi, injini inakatakata, na haina nguvu. Fundi wa Bankstown ameifungua tena, eti hakuna valvu hata moja iliyokaa sawasawa. Sasa anawatangazia watu kwamba marehemu alikuwa anabahatisha tu."

"Na watu wanasemaje?"

"Wanacheka. Si unawajua?"

Atupele akafungua kinywa aseme. Aseme nini? Kwamba kazi ya mwisho ya mumewe aliivuruga yeye, kwa mkono wake, akaikabidhi getini?

"Waache wacheke," akasema, akakata simu.

Miaka yote ya Lusekelo Sydney, hakuna mteja aliyewahi kumrudishia kazi. Hii ilikuwa ya kwanza, na wa kuitetea hakuwepo ila aliyeiharibu.