Maji ya Moto ya Longino

Katika chumba kimoja cha maabara pale Magarama, mjini Gitega, Swabra aliishi kwa amani na mabilioni ya wenzake. Wenzake hao walikuwa chembe za plastiki, ndogo kiasi kwamba hata hadubini ya pale ilikata tamaa nazo. Kila asubuhi alizisalimia. Hazikuitikia, lakini alishazoea. Muuza mikate wa jirani naye haitikii.

Kwao Muyinga, baba yake, Uthmani, alishona kofia. Kila kofia aliijaribisha kichwani mwa mteja mwenyewe kabla ya kuimaliza, na ukimvika mtu mwingine ilimkaa upande. Kazi ya Swabra ilikuwa hiyohiyo, ila vichwa vyake vilikuwa protini. Aliinasa protini ya kimelea cha malaria juu ya shanga za kioo, akaacha plastiki iumuke kuizunguka, kisha akaosha. Maji baridi kwanza, kuondoa chembe zilizoshika kwa kulegalega. Maji ya moto mwisho, kubandua zilizoshika kisawasawa. Hizo za mwisho ndizo kofia zinazokumbuka kichwa chao.

Idi ya kuchinja ilikuwa keshokutwa. Kazi ikikubali leo, kesho anapanda basi la Muyinga. Ikikataa, anabaki kurudia, maana protini ikishatoka kwenye barafu inaharibika upesi, wala haijui sikukuu.

Mchana alipima joto la maji ya jagi, yakawa baridi vizuri, akaenda kuswali. Aliporudi simu ikalia. Mama akaongea, akampa shangazi, shangazi akampa Layla, mdogo wake Swabra, aliyeripoti kwamba mbuzi wa Idi ameshakula mtandio. Swabra, simu imebanwa begani, glavu mbilimbili mikononi, alilimimina jagi lote juu ya shanga huku akicheka peke yake.

"Niwekee maini, mama," alisema simu iliporudi kwa mama.

"Maini hayawekwi, mwanangu. Uje mwenyewe."

Nusu saa baadaye, bakuli la maji ya mwisho halikuwa na kitu. Kofia zote zilikuwa kwenye ndoo ya taka, yalikomwagwa maji ya kwanza, njema na mbovu pamoja. Alipozijaribu, zikakumbatia protini ya malaria, zikakumbatia na ute wa yai, mgeni asiyehusika kabisa. Swabra akavua glavu, akagusa jagi. Lilikuwa bado vuguvugu.

Mlangoni alikaa Longino, mlinzi, ambaye Kiswahili chake kilichanganyika na Kifaransa.

"Kaka Longino, hii maji nani aliigusa?"

"Ni mi. Niliona unaosha na maji ya baridi kila siku, mikono imekuwa kama ya maiti. We ulienda kusali, bon, nikaongeza thermos yangu yote."

"Yote?"

"Yote. Chai mi nitakunywa kesho."

Swabra alikuwa ameandaa hotuba kali, yenye utangulizi na hitimisho. Kisha akakumbuka kwamba tangu afike Gitega hakuna mtu mwingine aliyewahi kuitazama mikono yake. Hotuba ikamfia mdomoni.

"Asante," alisema. "Ila siku ingine uniulize kwanza."

Alimpigia mama kumwambia hatakuja.

"Basi nitayaweka hayo maini," mama akasema.

Siku ya Idi Swabra aliswali na wanawake wa mjini. Walikumbatiana, wakamkumbatia na yeye haraka, kama mtu anayeombwa kupisha njia, wakaenda kwao. Yeye akaenda maabara, koti jeupe juu ya gauni jipya, akaanza kuosha upya, kofia mpya zikiwa zimeumuka tangu jana. Aliosha kwa maji baridi hadi vidole vikakataa kukunjika. Longino alisimama kizingitini, thermos kwapani, mdomo umefungwa kwa utii mkubwa.

"Bado?"

"Bado."

Akaosha tena. "Sasa leta."

Longino akaleta kama anayebeba taji. Safari hii Swabra alipima joto kabla ya kumimina.

Saa kumi jioni kofia zilishika protini yao na kuupita ute wa yai bila hata kuutazama. Swabra alipiga simu Muyinga. Ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena, ikaita tena. Akageukia mlango.

"Zimekubali."

"Nani?"

"Kofia."

Longino alitafakari. "Donc, basi mikono sasa iko na joto?"

Swabra aliitazama. "Kidogo."

Longino akafungua thermos, akammiminia mikononi maji yaliyobaki.